Kuonja Sheria ya Mfereji

"Mtoto huyu anawatokea wote," Luhwago alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Sekela, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na sauti yake haikuwa na lawama. Ndivyo alivyokuwa Luhwago. Angeweza kukuambia nyumba yako inaungua kwa sauti ileile anayoulizia sukari.

"Mtoto yupi?" Sekela aliuliza, ingawa alijua.

"Tumpe. Wa mwaka wa nne."

Sekela Mwaipaja alikuwa na miaka hamsini na moja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkurugenzi wa ubunifu wa Nyumba ya Kuonja mjini Ilunda. Jina hilo lilitokana na kanuni ambayo jimbo lilijiwekea baada ya miaka mingi ya sheria nzuri kwenye karatasi na chungu kwenye vinywa vya watu: sheria isiyoonjwa haipigiwi kura. Kabla ya kura, wajumbe arobaini wa Baraza waliingia ukumbini asubuhi, wakavaa vilemba, yaani kofia laini zilizofumwa kwa nyuzi za kusoma na kugusa ubongo, na mpaka jioni kila mmoja alikuwa ameishi miaka saba ya mtu mwingine chini ya sheria iliyopendekezwa. Ulikuwa mchezo kama michezo mingine, isipokuwa jua lilichoma mgongo kwelikweli, njaa ilikuwa njaa, na jirani uliyegombana naye mwaka wa pili alikuwa bado amekununia mwaka wa tano.

Nyumba ilikuwa na pande mbili. Luhwago aliongoza Hesabu: mvua, udongo, magonjwa, idadi ya watu, kiasi cha maji katika kila mtaro. Sekela aliongoza Hadithi: watu, maneno yao, harusi, ugomvi, misiba. Na pande zote mbili zilikula kiapo kimoja, kwamba hadithi haizidi hesabu. Hesabu ikisema kaya tatu kati ya arobaini zitamwachisha mtoto shule, basi wajumbe watatu ndio watakaoliona jambo hilo. Si wanne.

Tumpe alikuwa mtoto wa miaka minane. Mwaka wa nne baada ya sheria iliyokuwa mezani sasa kuufunga Mfereji wa Juu, baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi mjini, naye akaacha shule, akawa wa kuchota maji mbali. Siku moja alikuja kwa jirani yake, ambaye ndiye mjumbe aliyevaa kilemba, akiwa na daftari la hesabu lililofungwa kwa kitambaa. "Nitunzie mpaka maji yarudi," alisema. "Nyumbani mdogo wangu atalichana." Hayo tu. Hakulia. Sekela alijua kwamba akilia, mchezaji atajihami. Asipolia, hatakuwa na pa kujificha.

"Nimemwona leo asubuhi," Luhwago aliendelea. "Ukaguzi ni kesho saa nne. Nataka kujua jambo moja tu. Umekosea, au umekusudia?"

"Nimekusudia."

Luhwago akaingia, akavuta kiti, akaketi.

"Kaka yangu analima Mwambisi," Sekela alisema. "Majaruba yake yote yanakunywa Mfereji wa Juu. Sheria hii ikipita, hana shamba kwa miaka saba."

"Najua. Na wakwe zangu wako Ikongosi, bondeni kabisa. Sheria isipopita, mto utaendelea kukauka siku tisini kila mwaka, na visima vyao vitazidi kuwa chumvi." Akanywa chai. "Ningeweza kupunguza mvua kwa sehemu mbili katika mia, dada Sekela. Hakuna ambaye angejua. Nimelifikiria hilo kila siku tangu muswada huu uletwe."

"Kwa nini hukufanya?"

"Sijui. Labda kwa sababu wewe ulikuwa chumba cha pili, na nilidhani wewe hufanyi."

Alipotoka, alikiacha kikombe mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Wiki tatu nyuma, kaka yake Ambwene alikuwa amekuja Ilunda na ndoo ya mchele mpya. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imepasuka kwa tope, na hakuwahi kuielewa vizuri kazi ya mdogo wake. Alikula, akanawa, akasema alichokuja kusema.

"Mimi sikuombi udanganye. Lakini kwa miaka thelathini umewasemea watu wasiokuwepo, na watu wakawalilia. Sisi tupo, Sekela."

Maneno hayo yalimwingia mahali ambapo hayakutoka tena. Kesho yake ndipo alipoanza kumwandika Tumpe.

Na alijua sana alichokuwa anakifanya, kwa sababu ndicho kilichomfikisha alipo. Kazi yake ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na miwili, ilikuwa kuandika maneno ya kuku katika mchezo wa simu. Mchezaji alifuga kuku, akamlisha, akampa jina. Wachezaji walikuwa wakichoka haraka na kuondoka, kwa hiyo Sekela akaambiwa atafute dawa. Aliandika sentensi moja tu. Mchezaji alipotaka kuzima, kuku aliinamisha kichwa na kusema, "Sawa. Nitakaa hapa hapa." Watu hawakuzima tena. Ofisi nzima ilimshangilia, na katika miaka iliyofuata akapanda, kutoka mwandishi wa maneno hadi mwandishi mkuu, kisha mkurugenzi wa ubunifu wa michezo mikubwa iliyochezwa kuanzia Lusaka hadi Kampala. Sifa yake ilikuwa moja: mchezaji wa Sekela Mwaipaja husukumwa, lakini hajui kwamba amesukumwa.

Miaka kadhaa baadaye alikutana na mwanamke kwenye foleni ya benki. Mwanamke huyo akamtambua, akamwambia bila hasira kwamba alichelewa kufika hospitalini siku baba yake anakata roho, kwa sababu alishindwa kumwacha kuku. Alisema kama kichekesho. Sekela alitoka kwenye foleni bila kuhudumiwa, na mwaka huohuo akaomba kazi Nyumba ya Kuonja, mahali ambapo kusukuma kulikatazwa kwa kiapo.

*

Mchana ule, baada ya Luhwago kuondoka, alishuka ukumbini peke yake, akavaa kilemba, akachagua maisha ambayo hakuwahi kuyaonja. Akawa mgeni aliyefika Ikongosi mwezi wa kumi, mto ukiwa mchanga mtupu, Mfereji wa Juu ukiwa wazi kama ulivyo leo.

Mwenyeji wake alikuwa mwanamke mfugaji. Sekela ndiye aliyemwandika, kutokana na saa mbili za mahojiano na shahidi wa kweli aliyeitwa Mama Holo Masunga, lakini hakuwahi kuketi mbele yake. Mwanamke yule alichota maji kisimani, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akayamwaga. Akachota tena kwenye mtungi wa ndani, uliokuwa karibu kuisha, akampa mgeni. "Haya ni matamu," alisema. Yeye mwenyewe akanywa ya kisimani. Nyuma yake ng'ombe aliyekuwa amelala hakuinuka alipopigwa.

Sekela alivua kilemba akiwa na ladha ya maji yale mdomoni. Kisha akapanda ofisini, akafungua uzito wa Tumpe, yaani idadi ya wajumbe watakaokutana naye, akafuta arobaini, akaandika tatu. Baada ya hapo akamwandikia Spika barua fupi. Alieleza alichokifanya, alichokiondoa, na kwamba ana kaka Mwambisi. Akaomba atolewe kwenye kazi hii.

Jibu lilikuja kabla ya jua kuzama. Spika hakupoteza maneno. "Katika bonde hili nikimtafuta asiye na ndugu kwenye mfereji wowote, nitampata mgeni asiyejua kitu. Kaa ulipo. Luhwago atatia sahihi pamoja nawe kila utakachogusa. Habari ya kosa lako tutaiongea baada ya kura."

*

Siku ya kuonja, wajumbe waliingia saa mbili asubuhi, wakalala kwenye viti vyao. Nusu walipewa maisha ya juu, kando ya mfereji. Nusu maisha ya bondeni. Wote walikuwa katika dunia moja, ila kwa sura na majina mengine, hivyo mjumbe angeweza kugombana na mwenzake wa chama chake bila kumtambua. Sekela na Luhwago walikaa chumba cha usimamizi, mbele ya ukuta wa skrini.

Miaka miwili ya kwanza ilikwenda kama ilivyoandikwa. Lango la mfereji likafungwa. Majaruba yakapasuka. Bondeni maji yakaanza kufika. Wajumbe wa juu walinuna, wa chini wakacheka, na Sekela akaona kura ikijipanga katika pande zake mbili, kama alivyotarajia.

Mwaka wa tatu ulikuwa na mkutano wa kijiji. Sekela aliuandika kwa wiki nzima na aliupenda. Kulikuwa na mzee wa kutukana, mama wa kumjibu, na kimya kirefu baadaye. Mheshimiwa Kihwelo, mjumbe mnene ambaye kabla ya siasa alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kwa miaka thelathini, alikaa mkutanoni dakika tano, akainuka, akatoka.

"Anakwenda wapi?" Luhwago aliuliza.

Kihwelo alikuwa anatembea. Aliufuata mfereji mkavu hadi lango, akalitazama lango kama mtu anayetazama mashine ya jirani, halafu akaanza kushuka kuelekea bondeni. Kwenye kona ya skrini yake maandishi mekundu yakawaka: NJE YA HADITHI.

Kwa hali kama hii kulikuwa na utaratibu. Mkurugenzi huleta mvua ya mawe, au mleta habari ya msiba, au mtoto mgonjwa, na mchezaji hugeuka mwenyewe akidhani ni uamuzi wake. Hakuna aliyeufahamu utaratibu huo kuliko Sekela, kwa maana yeye ndiye aliyeutunga.

"Tumrudishe?" Luhwago aliuliza.

"Huko anakoenda, hesabu zako zinafika?"

"Hesabu zangu zinafika kila mahali. Maneno yako ndiyo hayafiki."

"Basi mwache."

Kihwelo alitembea siku mbili za mchezo na kumkuta mfugaji akinywesha ng'ombe. Mfugaji yule alikuwa Mheshimiwa Rukia Sanga, mpinzani wake mkubwa Barazani, lakini yeye aliona mwanamke mwembamba mwenye fimbo. Hakusalimia vizuri.

"Ng'ombe wako wanahitaji maji haya mwezi gani hasa?"

"Kwa nini wauliza?"

"Kwa sababu mimi mpunga wangu hauhitaji mwaka mzima. Unahitaji kuanzia Desemba. Na wewe Desemba mvua ya kwako inanyesha. Sasa tunagombania nini?"

Rukia alipiga fimbo chini mara mbili tatu. "Julai," alisema hatimaye. "Julai mpaka Novemba. Hapo ndipo tunapokufa."

Luhwago alikuwa tayari ameinama kwenye meza yake, vidole vikikimbia. Muswada ulikuwa na njia mbili tu: kufunga miaka saba, au kuacha wazi. Hakuna aliyewaomba kupiga hesabu ya lango la kufungwa na kufunguliwa kwa msimu. "Inawezekana," alisema taratibu. "Si vizuri sana. Lakini inawezekana."

Kihwelo alirudi kijijini mbio, akamkamata mzee wa mkutanoni, akamweleza.

"Habari za leo," mzee akajibu.

"Nimekuuliza habari ya maji, wewe unanijibu habari za leo?"

"Habari za leo," mzee akarudia kwa upole, kwani hakuwa na neno lingine. Sekela hakuwa amemwandikia.

"Punguza mwendo wa dunia," Sekela alimwambia Luhwago. "Na unipe mdomo wa yule mzee."

Tangu alipokuwa kijana hakuwahi kuketi kwenye kibodi akamsemea mhusika papo kwa papo. Vidole vilijua vinakotaka kwenda. Viliandika: *Umenena vema, mwanangu. Tumekubali.* Ingekuwa nzuri kiasi gani. Machozi, kupeana mikono, wajumbe kutoka ukumbini wakiwa na matumaini, na Ambwene kubaki na shamba lake.

Luhwago alikuwa anasoma juu ya bega lake.

Sekela akafuta. Akachukua simu.

Ambwene alipokea akiwa shambani, upepo ulisikika. "Kaka, nakuuliza kikazi," Sekela alisema, "na nitaandika utakachosema. Mtu akikwambia mfungue lango Desemba na kulifunga Julai kila mwaka, na maji mengine yaende bondeni, unakubali?"

"Nani anauliza?"

"Mheshimiwa mmoja. Yuko ndani ya mchezo."

"Mwambie sikubali. Mwambie kwanza Desemba iwe Desemba, si Januari kwa kuwa mtu wa lango amesafiri. Halafu kitalu cha miche kinahitaji maji Novemba, hata kama ni bomba jembamba. Na ng'ombe wao wasiingie kabla hatujavuna. Wakishavuna watu, waingie, wale mabua, watuachie mbolea. Kama hayo hayapo, sikubali."

Sekela aliyaandika yote, neno kwa neno, mdomoni mwa mzee. Kihwelo akasikiliza, akakuna kichwa. "Sasa ndiyo tunaongea," alisema.

"Mmoja hatoshi," Luhwago alimwambia Sekela. "Huyo ni kaka yako."

"Najua. Mpigie Mama Holo."

Nyumba ilikuwa na orodha ya mashahidi sitini na wanne waliohojiwa wakati mchezo unatungwa. Waligawana orodha. Siku nzima walipiga simu, wakasikiliza, wakaandika. Mama Holo alisema mabua ya juu ni mbali kwa ndama, labda ng'ombe wakubwa tu. Mkulima mmoja alitukana na kukata simu, na Sekela akaandika tusi lile kama lilivyo, akaweka na mlango uliobamizwa. Mjane wa Ikongosi aliuliza nani atalinda lango, na swali lake likawachukua wajumbe kumi na wawili mwaka mzima wa mchezo kulijibu, kwa sababu hawakuaminiana, wakaishia kuweka walinzi wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini.

"Lakini sheria imelifunga lango," mjumbe mmoja alikumbusha ndani ya mchezo.

"Hiyo sheria bado hatujaipitisha," Kihwelo akasema, na ukumbini, juu ya viti, baadhi ya wajumbe waliofumba macho walionekana wakitabasamu.

Haikuwa pepo. Mwaka wa saba ulipoisha, mto ulikuwa bado unakauka siku kumi na tisa. Juu walivuna theluthi mbili ya mpunga wa zamani. Kaya kadhaa zilikuwa zimeshahama kabla ya mapatano, na wajumbe watatu walikabidhiwa daftari la Tumpe. Mmoja wao, alipovua kilemba, alikaa muda mrefu na viganja vyake wazi mapajani, kama mtu aliyebeba kitu na hajui pa kukiweka.

Kura haikupigwa. Baraza lilikubaliana kuurudisha muswada uandikwe upya, na kwa mara ya kwanza tangu kanuni ya kuonja iwekwe, aliyetoa hoja na aliyeiunga mkono walikuwa Kihwelo na Rukia Sanga.

*

Mheshimiwa Kihwelo alipanda ngazi hadi chumba cha usimamizi, akihema.

"Yule mzee," alisema. "Mkaidi yule. Nimebishana naye miaka minne. Mmempata wapi?"

Sekela alimtazama Luhwago, Luhwago akamwitikia kwa kichwa.

"Mdomo ni wa watu wengi, mheshimiwa. Lakini habari ya Desemba, kitalu na mabua, hiyo ni ya kaka yangu. Anaitwa Ambwene, yuko Mwambisi. Spika anajua."

"Yupo kweli?"

"Yupo."

Kihwelo alifuta jasho kwa leso. "Basi nipeleke."

Walikwenda asubuhi iliyofuata, wao wawili. Ambwene aliwakuta uani akitoka shambani, suruali imekunjwa hadi magotini. Alimpa mgeni mkono, akamkaribisha kwenye kigoda, akaagiza uji. Kihwelo hakugusa uji. Alianza kumweleza mapatano yote, jinsi walivyoyafikia, nani alikubali nini, na Ambwene alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Hayo niliyasema kwenye simu," alisema. "Nikakaa jioni nikayafikiria tena. Kuna jambo nilisahau."

"Jambo gani?"

"Kuna mtaro mdogo huku nyuma, ulichimbwa na babu. Mkilifunga lango Julai, maji yatatafuta njia kupitia humo, na hao wa bondeni hawatayaona. Kwenye mchezo wenu upo?"

Kihwelo alimgeukia Sekela. Sekela alifikiria ramani zote za Luhwago, mtaro kwa mtaro. "Haupo," alisema.

"Basi mchezo wenu umekosea."

"Nionyeshe," Kihwelo alisema, akasimama.

Waliongozana kushuka, fundi wa mashine na mkulima wa mpunga, na kabla hawajafika kwenye jaruba la kwanza walikuwa tayari wanabishana kuhusu upana wa bomba la kitalu, mikono ikipima hewani. Sekela alifuata hatua chache nyuma. Mara mbili alimwona kaka yake akishindwa kupata neno, na mara zote mbili neno lilimjia mdomoni, zuri, tayari. Alilimeza, akamwacha Ambwene alitafute mwenyewe, na akalipata.